Kibanda, Mkokoteni na Kontena: Haki ya Kuweka Mali na Haki ya Jirani

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa jumuiya na wajumbe wa kamati za Haki na Amani, Dar es Salaam



Ndugu viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, wajumbe wa Halmashauri ya Walei, akina mama wa WAWATA, vijana wetu, nanyi nyote mlioitikia wito wa Tume ya Haki na Amani: karibuni. Mada tuliyopewa yaweza kuonekana ndogo mbele ya mambo makubwa ambayo tume hii huyazungumza, kama vile uchaguzi, rushwa au mauaji ya vikongwe. Tunaulizwa hivi: mtu aweza kuweka nini katika kiwanja cha kuishi, na mbele ya kiwanja hicho, na kwa kanuni ya nani? Lakini wale miongoni mwenu mnaokaa Kariakoo, Gerezani, Ilala na Mchikichini mnajua ya kwamba mashauri yanayoletwa kwetu mara nyingi si ya katiba. Ni ya mkokoteni uliofungwa kwenye nguzo ya jirani. Ni ya guta lililozuia mlango. Ni ya banda la chipsi lenye magurudumu ambalo mchana huwa barabarani na usiku huvutwa hadi barazani, na ya kontena lililoshushwa siku moja mbele ya nyumba na halikuondoka tena. Ni ya tela lisilo na kichwa lililoachwa uchochoroni hata watoto wakaligeuza kuwa uwanja wa michezo na wengine wakaligeuza kuwa choo.

Vitu hivi vyote vina tabia moja. Havina msingi, kwa hiyo mwenye navyo husema, "Hiki si jengo, sihitaji kibali." Lakini vinakaa mahali, kwa hiyo jirani husema, "Hili ni jengo, tena limejengwa juu ya njia yangu." Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa, na hapo ndipo kanuni inapohitajika.

Tusidhani kwamba shida hii ni ya watu maskini au ya miji ya Afrika peke yake. Huko Marekani zipo nyumba za magurudumu, ambazo familia huzifunga nyuma ya gari na kwenda nazo likizo. Likizo ikiisha, nyumba hiyo hurudi na kuegeshwa nyumbani. Miji mingi ya huko ina sheria ndogo juu ya jambo hilo: kwamba nyumba hiyo iwekwe nyuma au kando na si mbele, kwamba isikae barabarani zaidi ya muda uliowekwa, kwamba mtu asiishi ndani yake kama mpangaji. Majirani hugombana juu ya mambo hayo mpaka kwenye vikao vya halmashauri. Kwa hiyo mjumbe wa nyumba kumi anayesuluhisha ugomvi wa mikokoteni pale Mtaa wa Kongo asijione ana kazi ya aibu.

Huko Ulaya suala ni zito zaidi, kwa maana wako watu ambao nyumba ya magurudumu si starehe yao bali ndiyo makao yao. Twapenda mtazame mfano wa nchi mbili. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1968 ikizitaka mamlaka za serikali za mitaa zitenge viwanja kwa ajili ya watu hao wa misafara. Wajibu huo ukafutwa mwaka 1994, na mamlaka zikaongezewa nguvu za kuwafukuza. Watu wale hawakutoweka; walihama kutoka ukingo mmoja wa barabara kwenda mwingine, na kesi zikaendelea. Ufaransa nayo, kwa sheria ya tarehe 5 Julai 2000, ilizitaka manispaa zenye wakazi zaidi ya 5,000 zishiriki kutoa sehemu ya kuegesha. Manispaa iliyokwisha kutimiza wajibu huo, meya wake anaruhusiwa kukataza uegeshaji mahali pengine. Hatusemi kwamba Wafaransa wameimaliza shida hiyo, kwa kuwa manispaa nyingi zilichelewa kutekeleza. Lakini angalieni mpangilio wa sheria yenyewe: kwanza onyesha mahali, kisha kataza. Mpangilio huo ndio tunaotaka kuupigania hapa kwetu, na maneno mengi tutakayosema leo yanarudi pale pale. Kanuni inayosema "ondoa" haijakamilika mpaka imesema "weka wapi".

Turudi nyumbani. Eneo hili tunalokaa limezaliwa na kanuni za namna hiyo. Wajerumani ndio waliopima mitaa hii iliyonyooka kama mistari ya daftari, ili pawe mahali pa Waafrika, mbali na Uzunguni. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja na Waingereza wakaushika mji huu mwezi Septemba 1916, wakaweka hapa wapagazi wa kikosi kilichoitwa Carrier Corps, na ulimi wa wenyeji ukalifanya jina hilo kuwa Kariakoo. Fikirini jambo hilo kwa dakika moja: kitongoji hiki kimepewa jina la watu waliobeba mizigo, nasi leo tunauliza kama mbeba mizigo ana haki ya kulaza mkokoteni wake hapa.

Waingereza waliugawa mji katika kanda tatu. Kanuni zao zilitaja zaidi aina ya jengo: hapa nyumba za Kizungu, pale za biashara na makazi, na kule nyumba za kienyeji. Kati ya Uhindini na Kariakoo wakaacha uwanja mtupu, ambao ni Mnazi Mmoja. Mtu angeweza kusoma kanuni zile na kudhani kwamba zinahusu matofali, bati na udongo tu. Lakini kwa kutaja matofali zilimtenga mtu asiye na fedha za matofali, na kila mtu alijua ni nani huyo. Kwa hiyo tukisikia leo kanuni inayozungumza juu ya "muonekano wa mji", tusiikatae kwa haraka, kwani mji mzuri ni haki ya maskini pia. Ila tuulize: kwa muonekano huu, ni nani anayeondoka?

Nyumba ya Kariakoo ya zamani mnaikumbuka: vyumba sita, ukumbi katikati, baraza mbele, uani nyuma. Haikuwa nyumba ya kulala tu. Barazani palikuwa duka na mahali pa kupokea wageni, na uani palikuwa jiko, kisima, stoo na karakana. Aliyekuwa na mkokoteni aliupitisha ubavuni akaulaza uani, basi. Tangu miaka ya 1990 nyumba hizo zimebomolewa moja baada ya nyingine na kupandishwa maghorofa yanayokula kiwanja chote hadi mpakani. Chini ni fremu za maduka, katikati ni stoo, juu ni wapangaji. Uani umekufa. Lakini mizigo haikupungua. Imeongezeka mara nyingi. Mzigo unaoshushwa Kariakoo kwenda Lubumbashi, Lusaka au Bujumbura unahitaji mtu wa kuubeba kutoka fremu hadi kwenye gari, na mtu huyo anahitaji toroli, na toroli linahitaji mahali pa kulala. Tumeua uani, kisha tunamshangaa mwenye mkokoteni kuonekana barabarani.

Wala si kwamba serikali zetu hazikushughulika. Zimeshughulika sana, mara nyingine kwa ukali na mara nyingine kwa upole. Mwaka 1976 kulikuwa na operesheni ya kuwaondoa mjini wale walioitwa wasio na kazi. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, na wazee wetu wanakumbuka misako yake. Mwaka 2006 wamachinga waliondolewa tena. Mnamo Desemba 2016 Rais Magufuli aliagiza wasibughudhiwe, na mwezi Desemba 2018 akatoa vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo kwa shilingi 20,000 kila kimoja, kwa wale ambao mauzo yao kwa mwaka hayafiki milioni nne. Mwaka 2021, chini ya Rais Samia, ikaamuliwa wapangwe upya, na mwezi Oktoba mwaka huo barabara nyingi za mji zikasafishwa. Lilijengwa pia Machinga Complex pale Mchikichini, na wengi waliopangiwa humo walirudi barabarani kwa sababu wateja hawakupanda ngazi kuwafuata.

Msituelewe vibaya. Hatukuja hapa kusema kwamba kila kibanda ni kitakatifu. Sisi makasisi wakati mwingine tunapenda sana kumtetea maskini kwa ujumla, kisha tunamsahau maskini wa pili ambaye njia yake imezibwa na maskini wa kwanza. Mtu mlemavu wa miguu hana pa kupita kati ya meza na mtaro. Mama mjamzito anayepelekwa Mnazi Mmoja usiku, gari halifiki mlangoni. Tarehe 10 Julai 2021 soko kuu la Kariakoo, lile jengo maarufu lililosanifiwa na Beda Amuli na kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, liliwaka moto usiku, na tuliona jinsi mali ya miaka mingi inavyokwisha kwa saa chache. Kila aliyeona moto ule na ajiulize: kama ungewaka katika mtaa wake, gari la zimamoto lingepita wapi? Desemba 2011 mvua iliyonyesha ilileta mafuriko katika bonde la Msimbazi, na watu wa Jangwani walipoteza ndugu. Mwaka 2015 tulikuwa na kipindupindu katika jiji hili. Kontena lililokaa juu ya mtaro laweza kuwa riziki ya familia moja, na maji yaliyokosa njia yakaingia katika nyumba ishirini.

Maandiko Matakatifu hayakuona aibu kuingia katika mambo haya. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mwenye kujenga nyumba mpya anaagizwa azungushe ukuta mdogo juu ya dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Hiyo ni sheria ndogo ya ujenzi, ndugu zangu, tena ndani ya Biblia, nayo inamhusu mwenye mali kabla ya kumhusu mpita njia. Na katika kitabu cha Nehemia, sura ya 8, watu waliporudi kutoka uhamishoni na kuadhimisha Sikukuu ya Vibanda, tunaambiwa walijenga vibanda vyao juu ya dari za nyumba, katika nyua zao, katika nyua za nyumba ya Mungu na katika viwanja vya malango ya mji. Kila kibanda kilikuwa na mahali pake, na sikukuu ilikuwa na siku zake saba. Tena waliofanya hivyo hawakuwa wavunjaji wa amri. Walikuwa wanaitii.

Sasa tuitazame sheria yetu yenyewe, kwa kuwa viongozi wengi wa jumuiya hutuuliza wasimamie wapi.

Kanuni za mji hazitungwi na askari mgambo, wala na mtendaji wa mtaa, wala na mwenye nyumba tajiri kuliko wengine. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982, sheria ndogo hutungwa na baraza la madiwani. Kabla ya kuitunga, halmashauri hutakiwa kutangaza kusudio lake ili wananchi watoe maoni na mapingamizi. Kisha hupelekwa kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa aidhinishe, na hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Hapo ndipo inapokuwa sheria. Karatasi iliyobandikwa mlangoni kwa gundi, isiyotaja sheria yo yote, ni tangazo. Yafaa kuheshimiwa kama tangazo, lakini haitoshi kumnyang'anya mtu mali yake.

Kwa upande wa kiwanja, Sheria ya Ardhi namba 4 ya mwaka 1999 na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 zinafanya matumizi ya ardhi yafuate mpango. Hati ya kiwanja hutaja matumizi yake. Mwenye kiwanja cha makazi anayekigeuza kuwa yadi ya makontena au karakana ya magari amebadilisha matumizi, naye anahitaji kibali hata kama hakuweka tofali hata moja. Tunalisema hili kwa sauti kwa sababu miongoni mwetu wako wanaoamini ya kwamba ndani ya ua wangu naweza kufanya nipendavyo. Sivyo. Mafundisho ya jamii ya Kanisa, tangu barua ya Papa Leo wa Kumi na Tatu ya mwaka 1891 hadi ile ya Papa Fransisko ya mwaka 2020 juu ya udugu, yanakubali haki ya mtu kumiliki mali, na hapo hapo yanaifunga haki hiyo kwa manufaa ya wote.

Nayo Katiba ya Jamhuri ya Muungano inatuambia katika ibara ya 13 kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria na kwamba mtu ana haki ya kusikilizwa. Katika ibara ya 22 kwamba kila mtu ana haki ya kufanya kazi. Katika ibara ya 24 kwamba ana haki ya kumiliki mali na hifadhi ya mali yake. Na katika ibara ya 26 kwamba ana wajibu wa kutii sheria za nchi. Zisomeni pamoja. Anayesoma ya 22 bila ya 26 ni mkaidi, na anayesoma ya 26 bila ya 13 ni mwonevu.

Twende kwenye shauri moja lililofika mezani petu, nasi tumeruhusiwa na wahusika kulisimulia bila kutaja majina wala mtaa.

Mama mmoja mjane, Mwislamu, amebakiwa na nyumba ya zamani ya vyumba sita iliyobanwa na maghorofa pande mbili. Uani kwake ni miongoni mwa nyua chache zilizosalia katika mtaa ule. Jioni wasukuma mikokoteni huja kulaza mikokoteni yao humo, kila mmoja akitoa shilingi mia tano, na akina mama lishe wawili huacha humo mabanda yao ya magurudumu. Fedha hiyo ndiyo inayomlisha yeye na wajukuu. Jirani yake, mwenye ghorofa, alipeleka malalamiko serikali ya mtaa: kelele za magurudumu ya chuma tangu saa kumi alfajiri, panya, moshi, na hofu ya moto. Mama akapewa siku saba aondoe kila kitu. Aliyetuletea habari ni msukuma mkokoteni mmoja wa jumuiya yetu, ambaye hakujali sana habari za mama. Alitaka kujua atalala wapi na mkokoteni wake.

Kamati ilipokwenda, ilikuta ya kwamba jirani alikuwa na haki katika mambo mengi. Usiku mmoja jiko la mama lishe lilikuwa limewekwa likiwa na makaa hai, chini ya turubai, hatua tatu kutoka mitungi ya gesi ya mpangaji mwingine. Hilo si jambo la kutetea. Kelele nazo zilikuwa za kweli. Mzee mmoja wa ghorofa ya pili alituambia kwamba ameacha kuhitaji saa ya kumwamsha. Lakini ilikuta pia ya kwamba mlalamikaji mwenyewe alikuwa na kontena la futi ishirini barabarani mbele ya jengo lake, lenye mifuko ya saruji, tangu wakati wa ujenzi. Ujenzi uliisha zamani. Kontena lilibaki, likawa stoo, na maji ya mtaro yalipita chini yake kwa shida. Hakuna aliyempa siku saba.

Tulikaa nao mara tatu, kwa ukaribisho wa mwenyekiti wa mtaa, na shehe wa msikiti wa karibu akashiriki kwa hekima kubwa. Mwisho wakakubaliana. Mikokoteni ivalishwe mipira ya matairi makuukuu katika magurudumu, kwa gharama ya wasukumaji wenyewe. Lango lisifunguliwe kabla ya saa kumi na moja. Jiko lisiingie uani mpaka makaa yamezimwa kwa maji mbele ya mlinzi. Mabanda yakae upande mmoja, ili njia ya kutosha mtu na kitanda cha mgonjwa ibaki wazi hadi barabarani. Mama naye aende ofisi ya ardhi kuuliza kama shughuli yake yahitaji kibali, na mwanasheria wa kujitolea akamwandikia barua. Na kontena liondolewe.

Mikokoteni ilivalishwa mipira ndani ya wiki moja. Kontena lilichukua miezi minne. Mama lishe mmoja alishindwa kukubaliana na mlinzi, akahama, na hatujui alipo sasa. Barua ya ofisi ya ardhi haijajibiwa mpaka leo tunapozungumza, maana yake ni kwamba malalamiko mapya yakija kesho, mama yule bado hana karatasi ya kumkinga. Kwa hiyo shauri hili halijafungwa katika daftari letu.

Tumelisimulia kwa sababu linaonyesha mambo mawili ambayo kamati zenu zitayakuta kila siku.

La kwanza ni mizani isiyo sawa. Kitu kidogo chenye magurudumu huondolewa haraka kwa sababu ni rahisi kukivuta. Kontena haliondolewi kwa sababu linahitaji winchi, na mwenye kontena anamfahamu mtu. Lakini ukiupima uzito wa madhara, mkokoteni mmoja hauwezi kuziba mtaro. Kamati inayokwenda kumwambia msukuma mkokoteni atii sheria, na ianze na kontena. Kama hatuna ujasiri wa kuanza nalo, basi tukae kimya na kwa mkokoteni pia.

La pili ni habari ya kukamata mali. Hapa tunasema kwa uchungu. Yapo matukio ambapo mkokoteni, mizani, majiko na bidhaa huchukuliwa, hutupwa juu ya gari, na mwenyewe huambiwa aende akalipe faini. Hapewi orodha. Akienda siku ya pili, mizani haipo. Faini yenyewe na gharama ya kutunziwa vyaweza kuzidi thamani ya kitu, naye huamua kukiacha. Torati, katika sura ya 24 ya kitabu kile kile, inakataza mtu kuchukua jiwe la kusagia liwe rehani, kwa kuwa kufanya hivyo ni kuchukua uhai wa mtu kuwa rehani. Mkopeshaji anaruhusiwa kudai chake. Haruhusiwi kuchukua kile ambacho kwacho mdaiwa atapata cha kumlipa. Mkokoteni ndio jiwe la kusagia la Kariakoo. Mwenye kosa na atozwe faini iliyo katika sheria ndogo, apewe stakabadhi, na chombo chake cha kazi kirudi mikononi mwake. Kitu kilichokamatwa hakijaacha kuwa mali ya mwenyewe.

Je, basi, tutaomba nini kwa halmashauri? Hatutaomba ruhusa ya kila mtu kuweka kila kitu kila mahali. Tungependa madiwani watunge kanuni inayozitofautisha hali: kitu kinacholazwa usiku tu na kile kinachokaa miezi; kitu cha kusukumwa kwa mkono na kile cha kubebwa na winchi; uani na hifadhi ya barabara. Itaje saa, itaje upana wa njia ya kubaki wazi, itaje umbali kutoka mtaro na kutoka mlango wa jirani, itaje moto. Na katika kila mtaa itaje mahali pa kulaza mikokoteni na mabanda kwa ada ndogo yenye stakabadhi. Viwanja havipo, tutaambiwa. Lakini maegesho ya magari yapo, na usiku mengi yao ni matupu tangu maduka yanapofungwa. Nafasi ya gari moja hulaza mikokoteni kadhaa, ikisimamishwa wima. Wenye magari hulipia nafasi hizo mchana. Wenye mikokoteni nao wako tayari kulipia usiku, kwa maana tayari wanamlipa yule mama mjane.

Tena tuanze kwetu. Parokia kadhaa za mjini zina viwanja vyenye uzio na mlinzi wa usiku. Tumesikia hoja kwamba mikokoteni itachafua mazingira ya kanisa, nasi hatuidharau hoja hiyo. Halmashauri za Walei zilizohudhuria leo zilijadili, na ziamue kabla ya Kwaresima, ili tutakapokwenda kwa madiwani tusiulizwe sisi tumetoa nini.

Kwa kila shauri litakalowafikia, tunawaomba viongozi wa jumuiya mfanye hivi. Nendeni mkaone mahali penyewe, saa ile ile ambayo ugomvi hutokea, hata kama ni alfajiri. Ombeni kuona sheria ndogo inayotajwa, na namba ya tangazo lake katika Gazeti la Serikali. Ulizeni kwa heshima, kwani mtendaji wa mtaa naye mara nyingi hajawahi kuonyeshwa. Msikilizeni jirani kwanza na mwenye kitu baadaye, au kinyume chake, lakini msimsikilize mmoja peke yake. Mali ikikamatwa, andikeni siku hiyo hiyo kilichochukuliwa, saa, mahali na walioshuhudia, na mwenye mali atie sahihi au dole gumba. Msimwahidi mtu kwamba atashinda. Na msilipe wala kupokea cho chote kisicho na stakabadhi, hata kikiitwa cha soda.

Fomu za kuandikia mashauri zipo kwa katibu wa kamati, naye atazigawa baada ya chakula. Waliotoka jumuiya za Gerezani na Mchikichini wabaki kidogo, kwa sababu makontena matatu yaliyotajwa katika taarifa yao bado yapo juu ya mtaro na mvua za vuli zimekaribia. Tungependa barua ya diwani iandikwe leo, kabla hatujatawanyika.